Chuma Chenye Tumbo

Utingo wa basi la Kondoa ndiye aliyeniletea habari za kifo cha Mama Zuhura. Alisimama mlangoni pangu hapa Nzuguni, kofia mkononi, akaniamkia, kisha akauliza kama mimi ndiye Elia wa stoo. Maishani nimeitwa karani, nimeitwa mwalimu wa kwaya, na kwa watoto wa mtaa huu mimi ni Babu tu. Elia wa stoo nilikuwa kwa mwaka mmoja, zamani sana, na watu wa kuniita hivyo nilidhani wamekwisha. "Ndiye mimi," nikamwambia. Akasema, "Basi, Babu, wamenituma nikwambie Mama Zuhura alifariki mwezi uliopita. Arobaini yake ni Ijumaa. Wamesema ukiweza, uje." Nilitaka kumwuliza ni nani hasa aliyesema, na alisema kwa sauti gani, lakini kijana alikuwa na haraka ya gari lake. Niliingia ndani kutafuta viatu, nikajikuta nimekaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, nasikiliza. Jirani alikuwa akilima nyuma ya nyumba. Jembe lake liligonga ardhi kavu na kuruka, ta, ta, na kila liliporuka mabega yangu yalishtuka. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliishi nami miaka arobaini na mmoja akidhani nachukia kilimo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka shule ya sekondari na Kiingereza kingi kuliko akili. Waingereza ndio waliokuwa wakitawala, na klabu yao ya gofu ilikuwa nje ya mji, upande wa kuelekea Ihumwa, mahali ambapo moshi wa treni ulionekana kabla ya treni yenyewe. Mtu akisikia uwanja wa gofu leo anafikiria majani mabichi. Dodoma ya wakati ule haikuwa na maji ya kutosha ng'ombe, sembuse majani ya kuchezea. Uwanja wetu ulikuwa ardhi nyekundu iliyofyekwa miiba. Kuzunguka kila tundu palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya injini ili upepo usiupeperushe, nasi tukaliita brauni. Kabla ya mchezaji kuusukuma mpira wake kwenda tunduni, mtu alipita akiburuta gunia zito kufuta nyayo. Na kando ya brauni kadhaa palichimbwa mashimo, yakajazwa mchanga wa korongo, kusudi mpira ukiangukia humo mchezaji apate tabu. Jambo hilo Fundi Ramadhani hakuwahi kulielewa. "Wanachimba shimo wenyewe," alikuwa akisema, "wanaleta mchanga kwa mkokoteni, halafu wakiingia humo wanakasirika."

Fundi Ramadhani alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi mwenye vidole vinene, aliyefua majembe tangu ujana wake. Klabu ilimwajiri kutengeneza fimbo za gofu: kubadilisha mipini iliyovunjika, kunyoosha vyuma vilivyopinda, kupiga tupa. Karakana yake ilitazamana na dirisha la stoo yangu, hivyo kutwa nzima tulikuwa kama watu wanaoishi chumba kimoja. Stoo ilinuka ngozi, mafuta ya kitani na mavi ya panya. Nilikuwa na meza, kiti kimoja, funguo kiunoni, na kitabu cha kuandika fimbo ya nani imeingia na ya nani imetoka. Nilivaa soksi ndefu. Nilidhani Fundi ananionea wivu kwa soksi zile, mpaka siku moja nilipomsikia akimwambia mkewe, "Yule mtoto atachomwa na jua mapaja matupu, huku miguu imevaa sweta."

Walikuwa na chumba kimoja nyuma ya karakana, nyumba ya klabu, pazia la khanga katikati. Huku pazia kitanda, huku mafiga na mkeka. Nilikula kwao karibu kila siku kwa sababu sikujua kupika na Mama Zuhura hakukubali mtu ale karanga na maji halafu aseme ameshiba. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mrefu kuliko mumewe, na Zuhura mwenyewe alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Ugali ulikuwa wa uwele, mweusi kidogo, na mlenda aliutia karanga za kutwanga. Alikuwa akinisubiri nimalize tonge la kwanza, kisha ananiuliza, "Karani, Kiingereza kinashibisha?" Nami najibu, "Kinashibisha, shemeji, ila hakina mlenda." Fundi anacheka mpaka anakohoa. Chakula kikiisha walizungumza wenyewe kwa Kirangi, na mimi nisiyekijua nilikaa nasikiliza jinsi sauti zao zilivyopanda na kushuka. Nikikumbuka mwaka ule, ninachokikumbuka kwanza ni sauti hizo, kabla ya uwanja, kabla ya jambo lenyewe. Watu wawili wakizungumza taratibu mbele ya mtu asiyewaelewa, wakimwamini.

Fundi hakujua kusoma, lakini ardhi aliijua. Alinifundisha kwa mfano wa majembe. Jembe la udongo wa mbuga, alisema, si jembe la kichanga. Fundi anayeuza jembe bila kuuliza shamba liko wapi ni mwizi. Kila asubuhi alivua kiatu kimoja, akaenda uwanjani, akapiga ardhi kwa kisigino. Akisikia mlio mzito alijua udongo umelegea. Akisikia mlio mkavu alijua umefunga. Mimi nilikuwa namfuata kwa kujifurahisha, na watu waliobeba mifuko ya wachezaji walitutania. "Fundi anabisha hodi," walisema. "Leo wamefungua?" Naye huwajibu, "Wamesema nyinyi mngoje nje."

Katikati ya miezi ya kiangazi likaja sanduku kwa treni, la Bwana Tarrant. Huyu alikuwa na miezi michache tu nchini, mtu mwekundu, mpole, mwenye mapenzi makubwa na mchezo ule kuliko uwezo wake. Ndani ya sanduku mlikuwa na vyuma viwili vya kutolea mpira mchangani. Kwa mbali vilifanana. Ulipovigeuza ndipo ulipoona tofauti. Kimoja wayo wake, upande wa chini unaokanyaga ardhi, ulikuwa mwembamba na mkali kama wa panga. Cha pili wayo wake ulikuwa mnene, umevimba na kushuka chini kuliko ukingo wa mbele, na Fundi alipoupapasa kwa kidole gumba alisema, "Hiki kina tumbo." Tangu siku hiyo hatukukiita jina jingine. Pamoja navyo palikuwa na karatasi ya maelezo yenye michoro, na Bwana Tarrant akaniagiza niisome vizuri, nizungumze na Fundi, kisha nimshauri ni kipi kinafaa hapa. Kuagizwa na Mzungu kumshauri! Niliisoma karatasi ile mara tano. Ilisema kwamba chuma chembamba huzama mchangani na kukwama, lakini chenye tumbo hakizami; hupita chini ya mpira kikiteleza, kama kijiko juu ya uji mzito, na mpira hunyanyuka polepole pamoja na mchanga wake. Kwa hiyo mchangani, chagua tumbo.

Nilimsomea Fundi, nikitafsiri kila mstari. Alisikiliza hadi mwisho. "Aliyeandika hii," akauliza, "amekanyaga mchanga wetu?"

"Fundi, mchanga ni mchanga."

"Na jembe ni jembe," akasema. "Twende tukaone."

Tukaenda shimo la saba. Mchanga ulikuwa umeletwa wiki ile ile kutoka korongoni, mkavu, laini, mguu unazama hadi kifundoni. Fundi alipiga mipira kumi kwa kila chuma, kwa mtindo wake wa kulima. Chembamba kilizama, mipira ikabaki pale pale. Chenye tumbo kilipita, na mpira mmoja ukapanda juu taratibu, ukashuka juu ya brauni kama ndege anayetua. Fundi aliutazama muda mrefu. Akaniambia, "Kwa leo, karatasi yako imesema kweli." Mimi nilisikia maneno mawili tu ya mwisho. Hayo mawili ya kwanza, kwa leo, niliyasikia miezi mingi baadaye, wakati hayakuwa na faida kwa mtu.

Nikampelekea Bwana Tarrant chenye tumbo, na kwa miezi ya kiangazi akacheza nacho vizuri kuliko alivyowahi kucheza. Alinipa mkono mbele ya watu. Aliniambia, "Elia, wewe una macho." Nilianza kuchelewa kwenda kula kwa Fundi, na nilipokwenda nilikuwa na maneno mengi. Mama Zuhura aliliona hilo. Siku moja nikiwa nje nanawa nilimsikia akimwambia mumewe kwa Kiswahili, nadhani kwa makusudi nisikie, "Siku hizi Karani anakula kama anayetufanyia hisani." Fundi akasema, "Mwache. Ni soksi. Zitachakaa."

Mashindano ya kikombe na wageni wa Morogoro yaliahirishwa mara mbili, mwisho yakaangukia mwanzoni mwa masika yetu, ambayo Dodoma huanza karibu na Krismasi. Siku tatu kabla yake ikanyesha mvua ya kwanza, kubwa, ya saa mbili. Kisha ikakata na jua likawaka kama lililotukanwa. Asubuhi ya mashindano Fundi alikuja dirishani kwangu na mguu mmoja bila kiatu. Kisigino chake kilikuwa chekundu. "Mchanga umefunga," akasema. "Mvua imeupiga, jua likaukausha. Shimo la saba ni sahani. Ukigonga linalia. Nenda kamwambie Bwana Tarrant leo aache chenye tumbo, achukue chembamba. Tumbo likigonga ardhi ile litaruka, na likiruka, ule ukingo wa mbele utaupata mpira kiunoni. Utatoka kama risasi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Fundi."

"Mwambie kwa Kiingereza kizuri. Asidhani ni maneno ya mtu wa majembe."

Nikachukua chembamba, nikakifuta, nikapanda ngazi za baraza. Wageni walikuwa wamekaa na chai, mashati meupe, wake zao na kofia zao. Bwana Tarrant aliponiona alisimama, akaniweka mkono begani, akawaambia, "Huyu ndiye kijana niliyewaambia. Alisoma karatasi ile, akanichagulia chuma, na hakukosea." Wote wakanitazama. Mama mmoja wa Kizungu akatabasamu. Nilikuwa nimeshika chuma chembamba nyuma ya mguu wangu, na nilijua sentensi yote ya kusema. Naijua hadi leo. Nimeitunga upya kwa maneno bora na bora zaidi kwa zaidi ya miaka hamsini. Pale barazani sikuitoa. Nilisema, "Asante, bwana. Nakutakia mchezo mwema," nikarudi nyuma hatua kwa hatua ili asikione nilichoshika, nikashuka ngazi. Nilijiambia kwamba Fundi anazidisha. Nilijiambia kwamba labda mpira hautaangukia shimoni. Lakini sikuamini nililojiambia, kwa maana nilikuwa nimeutazama ule wekundu wa kisigino.

Fundi alikuwa bado dirishani. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema sawa."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akavaa kiatu chake. Mzee wa kuburuta gunia la shimo la saba alikuwa amekwenda msibani, na Fundi akasema atalishika gunia mwenyewe, kwa sababu anataka kuona jinsi chembamba kitakavyouma. Hilo aliniambia. Aliniambia hivyo hivyo, "Nataka kukiona kikiuma," na mimi nikamtazama akienda na gunia begani, nikaenda kukaa kwenye kiti changu.

Baada ya muda sikuweza kukaa. Nilitoka nikaenda hadi kwenye miiba iliyo juu ya shimo la saba, nikasimama nyuma ya watu. Mpira wa Bwana Tarrant ulikuwa shimoni. Fundi alikuwa ng'ambo ya pili ya brauni, ameshika kamba ya gunia, ameinama kidogo mbele. Mtu anayejua mchezo ule hasimami pale. Fundi aliujua vizuri. Alisimama pale kwa sababu chuma chembamba kingeunyanyua mpira juu ya kichwa chake na kuushusha mbele yake. Alikuwa amesimama juu ya neno langu. Alikuwa anatazama mikono ya Bwana Tarrant, sio chuma. Nikafungua kinywa. Nakumbuka hewa ikiingia. Bwana Tarrant akainua mikono na kuishusha, na ardhi ikalia ta, kavu, kama mlango uliofungwa na upepo. Mpira sikuuona. Nilimwona Fundi ameketi chini, ameshika uso, na kamba ya gunia ingali mkononi.

Jicho la kulia halikupona. Hospitali walifanya walichoweza. Alitoka baada ya siku kumi na tatu akiwa na kitambaa cheupe, amekonda, lakini alikwenda moja kwa moja karakana akapanga tupa zake. Mama Zuhura aliniambia, "Anasema jicho si neno. Anasema kazi yake hakuwahi kuifanya kwa macho." Na ilikuwa kweli. Nilimtazama kupitia dirisha langu akigonga vyuma na kuvisikiliza, na mikono yake haikuwa imepoteza kitu. Kama mambo yangeishia pale, ningekuwa nimemgharimu Fundi jicho moja, na pengine ningeweza kuishi na hilo kama watu wanavyoishi na makosa ya ujana.

Lakini katibu wa klabu alitaka jambo liandikwe na kufungwa. Alikuwa Bwana Pell, mtu wa haraka ambaye Kiswahili chake kilitosha kuagiza chai na kufukuza mbwa. Alimwita Fundi kwenye chumba cha ramani, chumba kidogo chenye picha ya Malkia na feni isiyozunguka, akaniita mimi kutafsiri. Hapakuwa na mtu mwingine wa kutafsiri. Bwana Tarrant alikaa pembeni, hakuinua uso. Bwana Pell akaniambia nimwulize Fundi mambo mawili: ni nani aliyechagua chuma kile, na kwa nini alisimama pale. Nikamwuliza. Fundi akasimama wima, mikono nyuma, akanijibu mimi huku akimtazama Bwana Pell kwa jicho lake moja.

"Mwambie Bwana hivi. Asubuhi nilikwenda kukanyaga mchanga, nikaukuta umefunga. Nikamtuma huyu kijana kwa Bwana Tarrant, kwamba leo achukue chembamba. Kijana akarudi akaniambia amekwisha kumwambia. Ndiyo maana nikasimama pale niliposimama, kwa kuwa chembamba kingeunyanyua mpira. Simlaumu Bwana Tarrant, alicheza na alichopewa. Na kijana ana umri mdogo, naye msimfukuze. Ila kazi yangu mimi sikukosea. Hilo ndilo ninalotaka liandikwe."

Alikuwa ananishtaki kwa kinywa changu mwenyewe, na aliniamini kwa hilo. Alikuwa hata ameniombea. Ningetafsiri tu, neno kwa neno, kazi ambayo mtoto wa darasa la nane angeiweza. Nikamgeukia Bwana Pell nikasema kwa Kiingereza, "Anasema alikichagua yeye, na alisimama karibu mno."

Bwana Pell akaandika. Haikuchukua hata mstari mzima. Bwana Tarrant akainua uso akanitazama, kwa maana alijua ni nani aliyekichagua kiangazi kile, lakini naye hakusema kitu, akarudi kutazama viatu vyake. Tulikuwa wawili katika chumba kile tulioujua ukweli kwa Kiingereza. Bwana Pell akasema kwamba fundi anayechagua vibaya na kusimama vibaya hafai kukaa na vyombo vya watu, kwa hiyo mwisho wa mwezi aondoke na nyumba aiache. Akaniambia nimtafsirie hilo. Hilo nililitafsiri lote.

Tulitoka pamoja. Fundi hakupaza sauti. Tulipofika kwenye kivuli cha karakana alisimama, akaegemeza mkono mlangoni. "Elia," akasema, na hakuwahi kuniita jina langu kabla ya hapo, siku zote nilikuwa Karani au kijana, "maneno yangu yalikuwa marefu. Yako yalikuwa mafupi." Akaingia ndani.

Waliondoka kwa lori la mahindi la Kondoa. Nilikwenda kusaidia kupakia, sijui kwa ujasiri gani, na hakuna aliyenizuia. Nilipakia mafiga, mkeka, sanduku la tupa. Pazia la khanga lilikuwa limeshushwa na chumba kikaonekana kidogo sana. Fundi akaniuliza kitu kimoja tu: kama kile chenye tumbo bado kipo. Kilikuwepo. Bwana Tarrant alikuwa amekirudisha stoo na kusema hataki kukiona. Nikaenda nikakileta, nikakifuta kitabuni, na Fundi akakitia ndani ya gunia bila kukitazama. Mama Zuhura alikuwa amepika. Katika chumba kile kitupu alikuwa ameweka sahani sakafuni, ugali na mlenda, na maji ya kunawa. "Kula, Karani," akasema. "Lori linangoja." Zuhura alikuwa mgongoni mwake, amelala. Nilitazama sahani ile. Nikasema nimeshiba. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka uso. Nami nikageuka nikaenda stoo, nikafunga mlango, nikabaki humo hadi lori lilipoondoka.

Klabu iliniandikia barua nzuri ya sifa, na kwa barua ile nikapata kazi ofisini, na kutoka ofisi ile nikaenda nyingine, hadi nikastaafu. Kila kitu nilichokula tangu wakati ule kilitoka katika ile sentensi fupi. Uhuru ulikuja, Wazungu wakaondoka, uwanja ukarudia miiba, na mimi nikawa mtu mwenye heshima ambaye hakufika Kondoa hata mara moja, ingawa basi lilipita kila siku. Nilisikia kwamba Fundi alikuwa hai. Kisha nikasikia kwamba amefariki. Ofisini walinijua kwa jambo moja: nikiitwa kutafsiri nilikuwa natafsiri kila kitu, matusi, kikohozi, hata mtu akijisemea mwenyewe. Walinicheka. Sikuwaeleza.

Nilifika Kondoa Ijumaa vumbi likiwa limenijaa hadi kwenye nyusi. Hitima ilisomwa msikitini na nyumbani. Nilikaa kwenye mkeka wa nje pamoja na wazee, wakanipa nafasi bila kuuliza. Zuhura nilimjua mara moja, ni mrefu kama mama yake, mwanamke wa makamo mwenye wajukuu. Aliniamkia, kisha akanionyesha pa kulala. Asubuhi yake nilimkuta nyuma ya nyumba, mvua imenyesha siku chache nyuma, anapalilia karanga kwa kijembe kidogo. Nilisimama kumtazama kabla sijaelewa ninachotazama. Mpini ulikuwa wa mti wa porini, mfupi. Lakini usoni mwa chuma kulikuwa na mistari midogo iliyonyooka, iliyolingana, kama ya vyuma vya gofu, ambayo hakuna mhunzi wa Kondoa angekuwa na sababu ya kuichora. Nikaomba nikishike. Nikakigeuza. Tumbo halikuwepo. Lilikuwa limepigwa tupa, kidogo kidogo, kwa subira, hadi wayo ukawa mwembamba kuliko hata wa kile chembamba, na alama za tupa zilionekana bado, zote zimelala upande mmoja kama kazi ya Fundi ilivyokuwa.

"Ni cha baba," Zuhura akasema. "Alikitengeneza mwaka tuliorudi. Kaa, nikuletee chakula. Mama alisema siku za mwisho, Elia wa stoo aliondoka hajala, akija mpeni ale. Alilisema hilo mara nyingi. Tulidhani anaweweseka, mpaka mtu akasema upo."

Aliweka sahani mbele yangu kwenye kigoda, ugali na mlenda, na maji. Nikamwambia, "Mwanangu, sitakula kabla sijasema jambo. Kuna maneno ya baba yako nilipewa niyafikishe, sikuyafikisha." Akakaa juu ya kinu kilicholazwa, kijembe mapajani. Nikamwambia. Sikuanza na mimi. Nilisimama, sijui kwa nini nilisimama, nikaweka mikono nyuma, nikayasema kama yalivyosemwa katika chumba cha ramani: kwamba asubuhi alikwenda kukanyaga mchanga akaukuta umefunga, kwamba alimtuma kijana, kwamba kijana alirudi akasema amekwisha kumwambia, kwamba ndiyo maana alisimama pale aliposimama. Kwamba hamlaumu Bwana. Kwamba kijana asifukuzwe. Kwamba kazi yake yeye hakukosea, na hilo ndilo alilotaka liandikwe. Kisha nikamwambia nilichosema mimi badala yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na jinsi kilivyokuwa kifupi.

Kuku walipita katikati yetu. Zuhura alikuwa akitazama mikono yangu.

"Baba alitusimulia maneno hayo," akasema mwishowe. "Kila mwaka, siku ya kuanza kulima. Nayajua kwa moyo." Akapitisha kidole kwenye mistari ya chuma, kama mtu anayepitia jambo kichwani toka mwanzo hadi mwisho. "Ni yale yale. Hukupunguza."

Nilingoja aseme jingine. Aliinuka, akafunga khanga yake vizuri, akarudi kwenye karanga zake, na kutoka pale nilipokaa nikakisikia chuma kikiingia ardhini, mara moja, na tena, na tena, bila kulia. Ugali ulikuwa umeanza kupoa. Nikanawa mikono, nikala peke yangu, nikamaliza.